Ufukwe Uliofunguliwa na Kwato

Mdogo wangu Projestus,

Shikamoo zako nimezipata zote. Tangu uondoke huku unaniandikia "shikamoo dada" kwenye simu, halafu nikikupigia hupokei. Sijaitikia hata moja, na leo pia siitikii. Nakuandikia hadharani, palepale unapowaandikia watu wako, kwa sababu inaonekana ndipo pekee unapopata muda wa kuzungumza.

Jumapili tumetoka kanisani, nimekaa jikoni namenya ndizi, binti yangu Leticia akaja na simu yake. "Mama, mjomba ameandika." Akanisomea. Kumbe siku hizi wewe ni mwalimu. Unawafundisha watu wanaotaka kuhama mjini wakaishi kando ya ziwa, wawe na boti zao na michezo yao ya majini, waangalie nini kabla hawajachagua. Kina cha maji. Upepo. Barabara wakati wa mvua. Kama kuna mamba au viboko. Hospitali iko umbali gani. Nikawa naitikia kwa kichwa, nasema moyoni, huyu mtoto ana akili jamani. Mpaka Leticia alipofika mwisho: "Mimi mwenyewe niliwahi kuhamia kwenye ziwa moja dogo kule Karagwe, likaniangusha. Ufukwe wake ulimezwa na mafunjo ndani ya mwaka mmoja. Ukiona ziwa la namna hiyo, lipite."

Nikamwambia arudie. Akarudia. Nikaweka kisu chini.

Ziwa likakuangusha! Huna haya, Projestus. Huna haya hata ya kusingizia. Maji yamelala pale tangu Mungu ayaweke, hayajawahi kumwangusha mtu, wewe ukae nayo misimu miwili halafu uyaseme vibaya kwa watu wasioyajua?

Wewe na maji mlianza zamani. Unakumbuka kile kidimbwi cha chini ya kibanja chetu cha migomba hapa Kamuli, kilichokuwa kinajaa wakati wa masika? Ulikuwa na miaka sita hivi. Uliliburuta gogo la baba la kukamulia ndizi, lile lililochongwa mfano wa mtumbwi, ukaliingiza majini ukakaa ndani na mwiko wa kupigia kasia. Baba alikuwa ameivisha ndizi za pombe ya ubatizo, anasubiri gogo lake. Lilipinduka. Niliingia na gauni langu la kanisani nikakutoa ukiwa umekunywa matope, na gogo tulipolivuta lilikuwa limepasuka ubavuni. Baba alipouliza nani, nikasema ni mimi. Nilichapwa mimi. Wewe ulisimama nyuma ya mgomba, kamasi zinakutoka, halafu ukaja kuniuliza, "Dada, inauma?" Nikakwambia haiumi.

Ilikuwa inauma.

Ulipopiga simu kutoka Mwanza ukasema umechoka na mji, unataka kurudi nyumbani ila si kwenye kibanja, unataka ziwa lako la kufanyia michezo ya boti na kupokea wageni, nilicheka hadi jirani akachungulia. Nikakuuliza, "Mtu mzima anachaguaje ziwa, kama shati?" Ukasema, "Dada, wewe nitembeze tu. Kuchagua niachie mimi." Basi nikaacha kahawa yangu juani, nikamwachia Leticia aigeuze, nikakutembeza wiki nzima, Kyerwa hadi Karagwe.

Na sitadanganya, ilikuwa wiki nzuri. Ulikuwa na kamba uliyoipiga mafundo na jiwe limefungwa mwishoni, unalitumbukiza majini unahesabu mafundo, unaandika kwenye daftari lako. Ziwa la kwanza viboko walitoa vichwa hujamaliza hata kuhesabu, ukarudi nchi kavu ukiwa umeacha kiatu. La pili ulisema barabara haifai, wageni watafika wametapika. La tatu, hilo la upande wa Nyakakika ambalo silitaji jina wasije wengine kama wewe, ulisimama ukafunga daftari. Maji yametulia, kilima kinakinga upepo, na katikati ya mafunjo pana uwazi mpana, udongo mgumu, mteremko mdogo unaoingia majini taratibu. Ukasema, "Dada, tazama ufukwe huu. Hapa Mungu ametengeneza mahali pa kushushia boti."

Siku ileile ulishusha ile kayaki yako ya njano kutoka juu ya gari ukanikalisha mbele. Mimi, mwanamke wa jembe, na kitenge changu, katikati ya ziwa! Niliona vilima vya kwetu kwa upande ambao sikuwahi kuviona tangu nizaliwe. Nilicheka mpaka nikalia, wewe nyuma yangu unapiga kasia unaniambia, "Dada, kaa wima, utatuzamisha." Nikitaka kukuchukia vizuri, siku hiyo ndiyo inayoniharibia.

Lakini nilikwambia. Tulipotoka majini nilikuonyesha chini, nikakwambia ufukwe huu hakuutengeneza Mungu peke yake, umefunguliwa na kwato. Ng'ombe wamekanyaga hapa miaka na miaka, kila mchana wanashuka kunywa, ndiyo maana mafunjo hayaoti. Ukatazama zile alama za kwato kama mtu anayetazama vumbi kwenye meza.

Na sikukuacha uingie kama mwizi. Nilikupeleka kwa wenye ng'ombe. Mama Koku si mtu niliyemwokota njiani. Tulilala kitanda kimoja wodi ya wazazi, yeye na Koku wake, mimi na Leticia wangu, tumegeuziana miguu na vichwa kwa sababu vitanda havikutosha. Maziwa yangu yalipochelewa kutoka, aliwanyonyesha wote wawili. Ndiye mtu niliyekupeleka kwake.

Alitukaribisha kwa maziwa. Akakwambia hayo ni ya Bihogo, yule ng'ombe mwekundu mwenye pembe zilizopanuka, aliyekuwa akiongoza wenzake kushuka majini. Ulikunywa vikombe viwili. Ukamweleza kuhusu boti zako naye akasikiliza, kisha akasema, "Waitu, ndugu yetu, pale ni mlango wa ng'ombe. Ukiweka boti pembeni sisi hatuna neno. Asubuhi chezeni, jioni chezeni. Saa saba mchana ni zamu ya ng'ombe. Usitufungie mlango tu." Ukasema, "Siwezi kuwafungia, mama." Hapo akanigeukia mimi, si wewe. "Wewe ndiye umemleta. Tukikosana naye tutakuja kwako."

Kwetu mgeni hajisemei mwenyewe, anasemewa na aliyemleta. Hilo unalijua, umezaliwa hapa. Nikasema sawa.

Msimu wa kwanza ulitimiza ahadi, nami nilijisifu kwa watu. Msimu wa pili wageni wako wakalalamika kinyesi. Wamevaa viatu vyeupe, wamelipia burudani, wanakanyaga kinyesi! Badala ya kuwaambia wavue viatu, ukazungusha waya wa miiba. Karatasi ya kiwanja ulichonunua iliishia kule juu kwenye mti wa mgunga, lakini waya uliufikisha hadi majini, ukaziba uwazi wote. Hukuniambia. Hukumwambia Mama Koku. Kilikuwa kiangazi, ng'ombe wameshinda juani, wakashuka saa saba kama walivyozoea, wakakuta miiba. Wa mbele wakachomwa, wa nyuma wanasukuma kwa kiu. Wakazunguka, wakaingia kwenye mafunjo upande ambako hakuna chini, kuna matope tu.

Mama Koku alinipigia simu akasema maneno mawili: "Njoo uone." Nilipofika, Bihogo alikuwa amezama hadi tumboni. Alikuwa na mimba kubwa. Wanaume walikuwa wamemfunga kamba wanavuta, anakoroma, anazidi kudidimia. Na wewe ulikuwa wapi? Majini. Nilikuona kwa macho yangu, umemfunga mgeni kwa kamba nyuma ya boti ya injini, unamvuta anateleza juu ya maji, anapiga mayowe ya raha. Kamba huku, kamba kule. Nilikupungia kanga ukadhani nakusalimia, ukanipungia mkono.

Ulipokuja, ng'ombe alikuwa amekata roho. Ulitazama, ukasema, "Poleni sana. Ila na ninyi mngewachunga vizuri."

Watu waliozaliwa katikati ya ng'ombe, Projestus. Wewe, mtoto wa migomba, unawaambia hawajui kuchunga! Nilitamani ardhi ipasuke. Mume wa Mama Koku alitema mate pembeni akaondoka, na mimi nikaanza kuomba radhi, nikasema kosa ni langu, ni mimi niliyemleta. Wewe ulikuwa umesharudi kwenye boti kuangalia mafuta.

Sasa waambie wasomaji wako kilichofuata. Waambie kwamba baada ya waya ng'ombe hawakukanyaga tena pale, na mvua ziliponyesha mafunjo yakaanza kurudi. Kwanza pembezoni. Kisha katikati. Kisha injini zako zikawa zinanasa majani kila siku, unainama na kisu kuyakata, wageni wanatazama saa. Ulipiga dawa ikashindwa. Ukasema ziwa lina ugonjwa. Nilikwambia, ugonjwa wenyewe ni ule waya, ufungue, waache ng'ombe wapite. Ukanijibu, "Dada, haya ni mambo ya kitaalamu." Wiki ile ukapakia boti kwenye lori, ukaenda kutafuta ziwa lingine. Waya uliuacha. Hata kuung'oa uliona kazi.

Nina hasira na wewe. Naisema hivyo hivyo, bila sukari. Nina hasira nikienda sokoni Nkwenda na kuona mtu wa upande ule, nainamia mzigo wangu kama nimeangusha kitu. Nina hasira kwa sababu nilikuamini mbele ya mtu ambaye alikuwa hanidai chochote. Na nina hasira kwa sababu nakukumbuka. Leticia anapocheka anacheka kama wewe, nami namkaripia mtoto wa watu bure.

Hujui hali ya sasa, hukuuliza. Ng'ombe wa Mama Koku wanatembea nusu siku kufuata maji mengine, ndama wanabaki njiani. Mumewe ameshakwenda mara mbili kutafuta malisho mbali. Kama ule mlango hautafunguka kabla ya kiangazi, watahama. Wewe unafundisha watu kuhama kwa starehe, na hawa watahama kwa kiu. Koku na Leticia watatenganishwa, na mimi nitabaki bila mtu pekee ambaye sihitaji kumweleza chochote.

Kwa hiyo nilikwenda. Waya tumeung'oa, mimi na Mama Koku na Koku na Leticia. Tangu wiki iliyopita tunakata mafunjo kwa panga, maji yametufika magotini, na mizizi yake si mchezo, imesukana kama mkeka. Mikono yangu imechubuka hadi kalamu hii naishika kwa vidole viwili, Leticia ndiye atakayeyanakili haya kwenye simu. Tumefungua uwazi wa kupita ng'ombe mmoja mmoja, lakini wakifika pale walipochomwa wanasimama. Hakuna waya tena, nao wanasimama. Wananusa, wanageuka. Mama Koku anawaimbia, anatangulia yeye mwenyewe majini wamwone, hawaji.

Unajua hajanilaumu? Hata neno moja. Angenitukana ningepona. Juzi tumekaa kupumzika, ananitoa mwiba kwenye kisigino, akaniuliza, "Mdogo wako hajambo huko aliko?" Nikasema hajambo. Akasema, "Afadhali." Niliinuka nikaenda kukata mafunjo asinione.

Sasa sikiliza, maana sitaandika tena. Ufute yale uliyoandika juu ya lile ziwa, au uandike kwamba ulilifunga mwenyewe. Hilo ni dogo. Kubwa ni hili: njoo. Njoo kabla kiangazi hakijashika. Usilete boti, wala mtu wa kukupiga picha, wala zawadi ya kunifunga mdomo. Lete panga na mikono yako. Na usianzie kwangu. Ukishuka Nkwenda, usiulize gari la Kamuli, chukua pikipiki moja kwa moja hadi kwa Mama Koku, usimame mbele yake na mumewe, useme kwa mdomo wako ulichofanya. Mimi sitakuwepo. Sitakuombea, sitasimama pembeni yako, sitasema neno. Wakikufukuza, rudi kesho yake. Wakikunyamazia, ingia majini ukate.

Chumba chako kipo, blanketi nimelifua, na ndizi unazozipenda zimekomaa nyuma ya nyumba. Lakini ukija kubisha hodi hapa kabla ya kufika kule, sitafungua, hata kama mvua inanyesha, hata kama Leticia analia. Mama Koku akinipigia akasema, "Mdogo wako yuko hapa, matope yamemfika magotini," nitaweka sufuria motoni.

Nasubiri simu yake, si yako.

Dada yako mkubwa,
Kamuli