Farasi Wanaokula Machungu

Masaki, Kisarawe
7 Julai 2024

Mama,

Shikamoo. Mimi mzima, sijui wewe na tumbo lako. Bibi Mwanaamina anakusalimu. Umesema niandike barua kwa sababu kwenye simu nakukatia, haya, nimeandika. Mjomba Yahya ataileta kwa kirikuu chake, kile kigari cha mizigo, akija Kibaha kuuza muhogo.

Sitaki kukaa huku. Nimempiga Firdausi kwa rula, sawa. Shule wamenisimamisha, sawa. Lakini yeye alisema mbele ya darasa zima kwamba niliuachia mkono wa mdogo wangu barabarani. Hukuniuliza hata siku moja alisema nini. Baba naye tangu msiba hanisemeshi, ananipita kama kiti.

Kuna kitu kingine, usicheke. Jana saa saba mchana nilikuwa naanika muhogo. Kuku wakanyamaza wote kwa pamoja. Kutazama mikoroshoni, nikaona farasi watatu wa pembe moja, kama wale wa kwenye mabegi ya shule, ila hawa hawapendezi vile. Wana rangi ya muhogo uliomenywa. Walisimama juani na hawakuwa na kivuli. Nikamwita Bibi. Akawaangalia kama mtu anavyoangalia mbuzi wa jirani, akasema, "Hao wanakula machungu. Ukiwa na jambo zito, nyoosha mkono wakulambe. Mimi babu yako alipofariki nililia siku mbili tu."

Sijanyoosha. Njoo unichukue.

Mwanao mwenye hasira,
Hajira


Kibaha
14 Julai 2024

Mwanangu Hajira,

Marahaba, mama. Huku hatujambo, Alhamdulillah, ila siwezi kuja. Daktari amesema nilale tu mpaka nijifungue, hata kuchota maji nisithubutu.

Habari za Firdausi tuziache. Mambo ya barabarani tulikubaliana tusiyaongee, tukiyaongea nyumba haikaliki. Baba yako nampa muda tu, na wewe mpe.

Hao farasi nao! Bibi yako nilipokuwa mdogo alinitisha na nyoka anayelala mtungini, nikakaa na kiu wiki nzima. Kula, sali, msikilize. Ukipoa utarudi.

Mama yako


Masaki
28 Julai 2024

Mama,

Shikamoo. Sijambo. Nimenyoosha mkono.

Juzi Bibi alinituma kuni, nikakaa chini ya mkorosho nikawa nalia kwa sababu uliandika "ukipoa". Farasi mmoja, yule mdogo wao, akaja. Hakukanyaga jani hata moja, au alikanyaga na halikulia. Ulimi wake ulikuwa wa baridi kama kitu kilichotoka kwenye friji. Alinilamba kiganja, na sauti ya Firdausi kichwani mwangu ikazimika kama mtu kabonyeza swichi.

Nililala mpaka asubuhi, sikuota lori. Jana nimerudi tena, na leo pia. Bibi anasema nimekuwa mtoto mzuri.

Mwanao,
Hajira


Kibaha
4 Agosti 2024

Mwanangu,

Marahaba. Hujambo mwanangu? Barua yako nimeisoma mara tatu. Sijui ni hewa ya shamba au ni hadithi za Bibi, ila mkono wako wa kuandika umetulia, hata mistari imenyooka. Nimemsomea baba yako, akaitikia kwa kichwa, akasema, "Afadhali."

Endelea hivyo hivyo.

Mama yako


Masaki
25 Agosti 2024

Mama,

Nipo. Ninakula, ninalala. Sihitaji kitu.

Kiganja changu cha kulia hakina mistari tena. Kimekuwa laini kama cha mtoto mchanga. Hakiumi.

Yule farasi mdogo siku hizi anapiga mluzi. Mfupi, mfupi, mrefu, halafu anakohoa. Anaupiga mchana mikoroshoni, mbali, kama anamwita mtu. Sijui amejifunza wapi.

Mjomba Yahya ameniuliza kama huwa namkumbuka Latifu. Nimemwambia sijasoma naye. Latifu ni nani?

Hajira


Kibaha
27 Agosti 2024

Hajira,

Salamu baadaye. Nimemzuia Yahya asishushe hata muhogo, ageuze gari na barua hii. Bibi akikuhimiza wakulambe, mwambie mimi mwanawe nimekataza.

Latifu ni mdogo wako. Alipozaliwa ulikuwa na miaka minne, ukamwita "mtoto wangu" mpaka watu wakacheka. Huo mluzi ni wake. Mfupi, mfupi, mrefu, ndivyo alivyopiga akiniona natokea kazini, halafu pumu inambana, anakohoa. Hatukuwahi kumpeleka Masaki kwa sababu ya moshi wa mkaa. Huko hakuna aliyewahi kuusikia isipokuwa wewe. Hao wanyama wameutoa kwako, Hajira. Nimeusoma mluzi wa mwanangu kwenye karatasi.

Sasa nisikilize. Siku ile mlisimama kando ya barabara ya Morogoro, umemshika mkono sawasawa. Mimi nilikuwa ng'ambo. Nikamwita. Nilisema, "Latifu, kimbia baba, uje!" Nilidhani lori liko mbali. Alijichomoa kwako kwa nguvu, akaja kwangu. Hukumwachia. Nilikuona unavyomng'ang'ania, mpaka ukaanguka kifudifudi. Watu waliponiuliza nikasema sikuona. Baba yako akadhani ni uzembe wako, nami nikamwacha adhani. Mwaka mzima. Kila ulipopigana shuleni nilijua kwa nini, nikasema mtoto ana matatizo.

Usiwape tena mkono. Nichukie ukitaka. Lakini mkumbuke.

Mimi mama yako,
nisiyestahili salamu


Masaki
1 Septemba 2024

Mama,

Shikamoo. Mimi si mzima.

Barua yako niliisoma mara ya kwanza kama habari za gazetini, za watu wa mkoa mwingine. Nikajua kuna kitu kibaya, kwa sababu machozi yalinitoka na mimi sikuwa na huzuni. Mchana kuku wakanyamaza. Yule farasi mdogo akaja mpaka mlangoni, akapiga mluzi. Nikasema, "Latifu." Akarudi nyuma. Hajawahi kurudi nyuma.

Nikamkamata pembe kwa mikono miwili. Ilikuwa ya moto na inadunda kama moyo. Nikamwambia, "Ulichokula ni cha mdogo wangu. Rudisha." Bibi akapiga kelele, "Mwache, utaumia!" Nikamwambia nataka kuumia.

Kilirudi kama damu inavyorudi kwenye mguu uliokufa ganzi. Kwanza kiatu chake kilichobaki barabarani. Halafu kikohozi. Halafu vidole vyake vinavyochomoka kimoja kimoja. Nililia mpaka nikatapika. Nilipoinua kichwa, yule farasi alikuwa amekonda, mbavu zinahesabika, na chini yake kuna kivuli kidogo, kama cha mbwa. Wote watatu wakaingia mikoroshoni. Tangu hapo sijawaona, ila naogopa kwenda kuni peke yangu.

Nilimuuliza Bibi babu alikuwaje. Alifikiri sana, akasema, "Nadhani alikuwa mrefu." Mama, waliishi pamoja miaka arobaini.

Nimekukasirikia. Sijui nitaacha lini. Nilikuwa nakuombea wewe kila siku, nikidhani nimekuulia mwanao, na wewe ulikuwa unajua. Sirudi Kibaha mpaka umwambie baba. Usimwambie nusu.

Mwanao,
Hajira


Kibaha
9 Septemba 2024

Mwanangu Hajira,

Marahaba, mama. Nimejifungua Alhamisi, mtoto wa kike, tuko salama. Hana jina bado.

Nimemwambia baba yako jana asubuhi, yote, na neno "kimbia" nililitamka kama nilivyolitamka siku ile. Alinipa mtoto, akatoka nje, akakaa kwenye ngazi mpaka adhuhuri. Sijui kama atanisamehe. Nimestahili.

Leo alfajiri amewasha pikipiki, akaniuliza kitu kimoja tu: njia ya kwa Bibi siku hizi inapita wapi. Nikamwomba asubiri niandike barua. Kwa hiyo anakuja nayo yeye mwenyewe, na ukiisoma sasa hivi yuko mbele yako, amesimama, hajui mikono aiweke wapi.

Mwamkie, ni baba yako. Baada ya hapo usimrahisishie. Mwache aseme mwenyewe.

Mama yako