Somo, Tumefika Woolwich

Somo,

Sikuulizi u hali gani, maana naamini huko uliko ni kwema. Nimekuja na habari moja tu: tumefika London! Sisi wale wale, mie, Asha na Tatu, uliotwambia miaka yote "njooni, mlango uko wazi," nasi tukijibu mwakani, mwakani. Umekufa wewe ndipo tukapata akili. Nilikulilia mpaka macho yakavimba, halafu nikajikasirikia. Tukakata tiketi za ndege ya bei rahisi, ile inayozunguka nchi mbili kabla ya kufika, kila mtu na begi moja la mgongoni.

Nikwambie kweli. Hofu yangu haikuwa baridi wala Kiingereza. Niliogopa kwamba ulipokufa wewe, na nyumba yako imenifia. Tulimwandikia mwanao Munira tukiomba kulala kwake siku tisa, maana hoteli za huko hatuziwezi. Akajibu maneno machache: siku mbili tu, kisha tutafute pengine. Siku mbili! Mtoto niliyemtumia ubuyu tangu hajajua kutembea! Nilinuna wiki nzima, Tatu akasema mdomo wangu utafika London kabla yangu.

Munira alitupokea mlangoni kwenu Woolwich, sura yako tupu, lakini amekauka. Anafahamu kila tunachosema, anajibu Kiingereza. Kiti kizuri akanipa mie, chai akanitilia mie kwanza, kisha akasimama mikono nyuma. Kila neno ananiita "ticha." Mie nageuka kumtafuta huyo ticha ni nani.

Basi mji tumeutembea kwa maelekezo yako. "Magari ya watalii ni ya wajinga. Pandeni basi la kawaida, kaeni juu, mbele kabisa." Tumekaa! Tumeona kasri, saa kubwa, daraja linalofunguka, yote kwa nauli ya basi. Ile ngome kongwe ya mtoni kiingilio chake kikatushinda, tukakaa ukutani nje tukala sambusa za Tatu, na wallahi hata kwa nje ni nzuri. Kile kivuko cha bure cha Woolwich tulikipanda mara tano, kwenda na kurudi, tumevaa sare, madera ya zambarau na makoti juu yake. Asha akawa anawapungia mkono madereva wa malori utadhani bibi harusi. Nilicheka, somo, nilicheka mpaka mbavu zikauma, kisha nikakutaka uwepo.

Jioni ya pili tukaanza kufunga mabegi. Munira akaja na daftari mkononi, akaniuliza kwa Kiingereza chake: mtihani saa ngapi? Mtihani gani tena? Kumbe! Tangu yu mdogo alikuwa akikusikia kwenye simu, "Somo, huyu mtoto Kiswahili kinamshinda, njoo wewe umfunze." Naye neno somo analijua la darasani tu. Akaamini mie ni mwalimu wako. Miaka yote hiyo mtoto wa watu anangoja nije kumtahini! Ndiyo maana ya siku mbili zile, mtihani aliuogopa.

Nikamwambia, mwanangu, mie nimeuza vitambaa maisha yangu yote, chaki sijaishika. Somo ni mwenzio mliyechangia jina. Mama yako Zuhura, na mie Zuhura, basi. Kisha akacheka lile cheko lako la kukatika pumzi, na cheko likageuka kilio, tukalia sote, Tatu akawashinda wenye msiba. Akamwita mwanawe, mjukuu wako Zuhura, miaka minne na maneno mia. Nikamwambia, na wewe somo wangu. Akauliza, Kiingereza hicho hicho: sasa Zuhura wa kweli ni nani? Nikamjibu, sote. Akaridhika, akaenda zake kucheza.

Mabegi yakafunguliwa. Siku tisa tumekaa, tumepika, tumemchosha mwanao kwa kelele. Alitupeleka kaburini kwako, tukakusomea, tukang'oa majani, Asha akakupa umbea wote wa mtaani. Natumai umeusikia.

Siku ya kuondoka alitusindikiza mpaka kituo cha treni. Nikamkumbatia. Akavuta pumzi, akasema Kiswahili kwa mara ya kwanza tangu tuje: "Mama Zuhura, rudi nyumba yako." Hivyo hivyo, nyumba yako. Asha akafungua mdomo amsahihishe, nikamkanyaga mguu.

Basi pumzika, mwenzangu, usiwe na wasiwasi nao. Nakuahidi mwanao hatokosa wa kumpigia simu, na mtoto nitamfunza kutukana kidogo na kusalimia sana. Inshallah nitakuwa nimerudi kwao kabla hajang'oka meno ya mbele.

Ni mie, mmoja wa Zuhura wawili uliowaacha.