Mababu Hawaiti kwa Makamasi

Mokhotlong,
huku milimani, Agosti, theluji ya pili

Mwanangu Molefi,

U mzima? Mkeo je, na yule mdogo ameota meno mangapi? Sisi huku tu wazima, isipokuwa goti langu la kushoto, ambalo unalijua na halina jipya. Mimi nasema, binti yako Khopotso anaandika, kama kawaida yetu. Sikukupigia simu kwa sababu kwenye simu unanikatiza. Barua utaisoma mpaka mwisho, na mzee wetu Ntate Thuso anayekuletea huko mgodini nimemwambia asiondoke kabla hujamaliza.

Habari yenyewe ni kichwa cha Khopotso. Ile ruhusa uliyotoa, kwamba aache shule akafundwe uganga kwa Ntate Khauta maana maumivu hayo ni mababu wanamwita, ifute. Najua ni mimi niliyekuletea maneno hayo. Ndiyo maana nayaondoa mimi.

Unakumbuka kilivyoanza, baridi ya mwaka jana. Maumivu juu ya macho na chini yake, mpaka kwenye meno. Akiinama kuchota maji anasema uso unataka kudondoka ndooni. Nikampa ugoro wangu apige chafya. Akapiga chafya kutwa nzima na kichwa kikazidi. Juzijuzi ugali uliungua mbele yake naye ameketi tu. Nikamuuliza hiyo pua ameivaa kama hereni? Akanijibu kwa upole, Nkhono, bibi yangu, tangu mavuno sisikii harufu ya kitu chochote. Nami nikacheka. Mungu anisamehe kicheko kile.

Jumanne ya wiki iliyopita nikampeleka kwa Ntate Khauta tupange siku ya kuanza mafunzo. Mzee hakugusa hata mifupa yake ya ramli. Alimtazama mtoto akipenga, akaomba aone kitambaa, kisha akanigeukia, akaniuliza mimi mama mzima nimeyaona wapi hayo. Mababu, akasema, huita kwa ndoto, hawaiti kwa makamasi ya kijani. Nimpeleke zahanati, na nikirudi kwake bila kwenda huko atanifungulia mbwa.

Nesi ni msichana mdogo, lakini mikono yake ni ya mtu mzima. Akambonyeza mashavu na juu ya nyusi, mtoto akaruka. Akatueleza kwamba ndani ya mifupa ya uso mna vyumba vidogo vya hewa, na vya Khopotso vimeziba vikajaa usaha. Hicho ndicho kichwa kinachouma. Kisha akauliza analala wapi. Nikamwambia analala nami, juu ya ngozi za mbuzi za marehemu baba yenu, na vitoto vya mbuzi viko miguuni kwetu wakati wa theluji, na moto wa samadi kavu pale kati. Nesi akaweka kalamu chini. Akasema mtoto ana mzio: manyoya na moshi vinamvimbisha pua kila usiku, njia zinaziba, ugonjwa unapata makao. Nikamwambia mimi nimelala na mbuzi miaka sabini. Akanijibu, basi ishukuru pua yako, bibi, lakini hukumrithisha.

Alimpa vidonge na dawa ya kupuliza puani, akamfundisha kuosha pua kwa maji ya chumvi yaliyochemshwa yakapoa. Jana aliniambia mkate umeiva kabla sijafunua sufuria.

Sasa sikiliza lililobaki. Mimi nilijua. Mambo ya mzio sikuyajua. Lakini Pasaka alikaa wiki tatu kwa dada yako Puseletso, nyumba ya jiko la gesi isiyo na mbuzi, akarudi kichwa chepesi. Usiku wa pili kitandani kwangu kikaanza tena. Baada ya mavuno akaenda tena, ikawa vilevile. Sijakanyaga darasa, lakini kuhesabu usiku naweza. Puseletso akaniomba abaki kwake, asome shule ya kule chini. Hapo ndipo nikasema mababu wanamtaka. Hakuna aliyeota ndoto yoyote. Niliyatunga mimi, kwa kuwa kwa Ntate Khauta ni ng'ambo ya kijito tu, na jioni angerudi kulala kwangu. Tangu baba yenu azikwe, upande ule wa kitanda ukiwa mtupu silali.

Hapa Khopotso aliweka kalamu akatoka. Nikabaki nikitazama karatasi nisiyoweza kuisoma. Aliporudi macho yalikuwa mekundu, na akasema safari hii si mbuzi. Akaketi. Akaniambia, Nkhono, ungesema tu kwamba unaogopa kulala peke yako. Nikamsogezea kalamu, nikamwambia aandike na hilo.

Jumatatu anakwenda kwa Puseletso. Mbuzi wamehamia zizini. Ngozi za baba yenu sasa anazilalia mbwa, naye hajalalamikia kichwa. Binti yako anasema atakuja kila likizo, na nikificha mbuzi hata mmoja humu ndani, atamnusa akiwa bado mlangoni.

Msalimie mkeo, mfinye mdogo shavu kwa niaba yangu. Mtoto usimkasirikie. Ukitaka wa kukasirikia, mimi nipo, na njia ya kuja unaijua.

Ni mimi niliyekuzaa,
Mamolefi