Salamu zenye hazikufika

Kamina, siku ya ine, mangaribi

Ngoie mutoto wangu, leo ulinipigia simu, nilikusalimia weye, nikasalimia bwana yako Ilunga, na mama yake, na mutoto yako Banza, na kale kadogo ka mu mugongo. Bote, moja kwa moja, sawa vile inapashwa. Na hata salamu moja haikufika.

Lakini miye sauti yako niliisikia muzuri, sawa vile uko hapa mu jikoni. "Mama, banasema njia ya kutoka huku Malemba iko na bantu ba bunduki. Kesho tupande pikipiki na bana, tukuje kwako Kamina, ao tukae?"

Nilikuwa ningali mu salamu. Utasema namna gani "usikuje" mbele ya kuuliza bantu ba nyumba?

"Allô? Mama? Weye kama haukatale, unanyamaza. Basi umekubali. Tutatoka asubuyi."

Ukakata.

Baba yako anasema antene, ule munara wa simu, iko na nguvu, sauti yako inafika kwangu. Simu yangu iko na nguvu kidogo, sauti yangu haifike kwako. Nikamuuliza, njia gani hiyo ya kuja tu, haina ya kwenda? "Njo hivyo, mama Ngoie." Anacheka, lakini sahani yake hakuigusa.

Mesaje nilituma, ya kusema "musitoke", ingali mu simu, haiendi. Kama pale mu simu ningeanza na "musitoke", mbele ya salamu... hata ile haingefika, ninajua. Lakini ningekuwa nimesema.

Ngoie, asubuyi, mbele ya kupanda, unipigie tena, haraka. Hii mara sitasalimia muntu.