Dada, Nifungulie Kiapo cha Bakuli

Kambi ya Jeshi,
Mto Irtishi,
Siku ya tisa, mwezi wa kwanza wa kiangazi,
Mwaka wa Sungura.

Mpendwa Dada Ebegei,

Shikamoo, dada yangu! Hujambo wewe? Shemeji Nayan goti lake linaendeleaje? Na Saruli wenu, ameshaota meno? Hapa sote wazima. Mama yuko nyuma ya jeshi na mikokoteni, anakamua farasi na kugombana na kila apitaye, kwa hiyo ujue ana afya njema.

Mwandiko huu ni wangu mwenyewe! Mwuighuri mmoja amenifundisha herufi majira yote ya baridi. Mwambie anayekusomea asicheke. Barua anaichukua rafiki yangu, mjumbe wa vituo, na kwa jinsi wanavyobadili farasi njiani, jibu lako litanikuta bado niko hapa.

Dada, ungeona jeshi lilivyo! Sisi tuliokuwa tukichimba panya wa nyikani tupate kitoweo, leo nasimama kilimani naona moshi wa kambi zetu hadi macho yanachoka. Wakereiti, Wanaimani, Wauighuri, makabila yote yanaitikia mwito mmoja. Mwezi ujao ukipevuka tunavuka milima kwenda kupigana na Sultani nchini kwake. Nina furaha hata usingizi hauji.

Na mimi ni mkuu wa kikosi cha askari kumi. Naam, mimi uliyekuwa ukinifuta kamasi!

Sasa usikunje uso. Khan wetu amechanganya koo zote, na katika kumi langu yumo Mtatari, jina lake Tolukan. Sijasahau kwamba siku Watatari walipomuua baba ulinishika masikio ukaniapisha nisile bakuli moja na Mtatari maisha yangu yote. Nimekishika kiapo. Miaka miwili watu wangu wanakula pamoja, mimi nakula peke yangu nimewapa mgongo.

Basi juzi tulikuwa kwenye msako mkubwa, jeshi zima limewazunguka wanyama, duara linabana siku baada ya siku. Unajua sheria: hakuna kuua kabla Khan hajaanza, na mnyama akitoroka, kumi lote linachapwa. Mimi, kwa ujinga wangu, nikageuka nyuma kumtukana Tolukan.

"We mtoto wa Kitatari, kaza hatamu! Umelala kama kondoo mgonjwa!"

Hapo hapo nguruwe mwitu dume akapenya pengo nililoacha mwenyewe. Tolukan akaruka kutoka farasini na joho lake la manyoya, akamfunika kichwa, wakabiringishana matopeni, akamsukuma hadi akarudi ndani akiwa hai. Paja lake limechanika, damu inamwagika, naye ananipigia kelele:

"Endelea kunitukana tu, mkuu! Ulifikia kondoo mgonjwa!"

Dada, nilicheka hadi nikalia. Hakuna aliyechapwa.

Jana akaniletea kikombe cha maziwa ya farasi yaliyochachuka, akataka tunywe pamoja tuwe ndugu wa kiapo. Nikamweleza ukweli wote. Hakukasirika. Alikaa chini, mguu kaunyosha, akasema:

"Mwandikie dada yako. Mwambie mwaka ule mliotushinda, wanaume wote wa kwetu, wakubwa kwa watoto, tulipimwa urefu kwenye gurudumu la mkokoteni. Aliyezidi pini ya katikati ya gurudumu aliuawa. Mimi nilipungua upana wa kidole. Kaka yangu alizidi kidole."

Ndiyo maana nakuandikia. Baba yetu namlilia hadi leo, dada, wala simuuzi kwa kikombe cha maziwa. Ila sitaki kwenda vitani na mtu huyu nikiwa nimempa mgongo. Kiapo ulikifunga wewe, na ni wewe wa kukifungua. Neno moja linatosha. Ukikataa, nitatii.

Nisalimie Shemeji Nayan, na Saruli umbusu mashavu yote mawili. Mama anakusalimu sana. Mbingu ya Milele iwalinde nyote na mifugo yenu.

Ni mimi mdogo wako akupendaye daima, na ukiridhia, ndugu yake Tolukan,

Chagur.