Bia Chapwa na Maji ya Kisima

Mjomba,

Shikamoo. Nimezoea kuanza hivyo na leo sitabadili, ingawa najua marahaba haitakuja.

Bia imepooza. Nakuambia hili kwanza kwa sababu ndilo ungeliuliza kwanza, hata kabla ya kumuulizia mama, dada yako wa damu. Tangu tulipokuzika, kila pipa ninalompikia Bwana Meneja linatoka chapwa. Rangi ipo, ile ya kahawia anayosema ndiyo ya kwao Uingereza. Povu lipo. Anakunywa funda moja, iliyobaki anaimwaga dirishani. Wewe unamjua.

Na mimi kasoro nitaijuaje? Ulinirithisha kazi ya kupika kitu tusichokionja. Miaka yote ile hukutia tone ulimini. Ulikuwa unanusa, unaminya kimea kwa vidole, unatega sikio kwenye pipa, basi. Watu wa Nguvumali bado wanasema kilichokuua ni laana ya pombe ya Mzungu. Inaniuma, Mjomba. Iko siku nitamtukana mtu.

Nilijaribu kila ulichonifundisha. Nikazidisha shayiri, nyingine nikaikaanga mpaka jiko zima likanuka kahawa. Yale maua makavu ya kutia uchungu nikayatupa, nikafungua kopo jipya lililoletwa na meli. Hamira nikabadili. Pipa nikalihamishia chini ya ngazi, nikalifunika magunia mabichi lisipate joto. Kila mara nikampa Yohana dereva aonje, yule Mkristo wa Lushoto, maana ulimi wake una ruhusa. Mwisho akaniambia, "Si mbaya, ila haina mtu ndani." Maneno yale sikuyapenda.

Kumbe ni maji. Nilikuwa naosha pipa nikaona sabuni inafura povu hadi viwikoni, nikakukumbuka ulivyokuwa ukikilaani kisima cha hapa shambani, kwamba mche mzima wa sabuni unaishia kwenye sufuria moja. Tangu msiba wako hakuna anayechota huko. Walikifunika kwa mbao, nami nikawa napikia maji ya mvua kutoka kwenye tangi. Basi nikapenyeza kopo lenye kamba kwenye ufa wa mbao. Maji si haramu, nikayaonja. Yana ukali, chumvi kwa mbali, na yanaacha ulimi mkavu kama umelamba chokaa. Ya tangi hayana kitu. Nikayateka kopo kwa kopo, nikapika mtungi mmoja. Yohana alipoonja alifumba macho, akasema, "Huyu ndiye."

Nilifurahi, nikampelekea Bwana. Akacheka, mara ya kwanza tangu uondoke. Akauliza maji ni ya wapi, nikamwambia.

Hapo ndipo mambo yalipoharibika. Kuna wageni wake wanakuja kutoka Mombasa kwa barabara ya Horohoro, naye anataka mapipa yajae. Maji yamekwisha, kisima kimebaki tope na majani, lazima mtu ashuke ayazoe. Amesema nishuke mimi, mwembamba, na nikikataa nifungashe virago. Yohana siku hizi ana kadi ya chama cha kudai uhuru, anasema wakubwa hawa hawana miaka mingi nchini. Huenda. Lakini kisima ni kesho.

Unakumbuka ulivyonifundisha kushusha mshumaa ndani ya pipa linapoumuka? Ukizimika, ulikuwa unasema, "Hewa hiyo haina huruma, usitie kichwa." Ulinifundisha hilo kabla ya kunifundisha kukoroga. Na siku ile ukashuka kukisafisha kisima bila taa, Mjomba, kwa sababu Bwana alisimama ukingoni anatazama saa yake na wewe hukutaka aseme una woga. Nimekukasirikia kwa hilo mpaka leo. Kamba ilikuwa mikononi mwangu. Niliisikia ilipolegea. Nilikuita, ukaitika mara moja, kwa sauti ya mtu aliyeshikwa na usingizi, kisha hukuitika tena.

Leo alasiri mbao zimeondolewa. Mbwa wa Bwana alisogea akanusa, akarudi nyuma, akakaa mbali. Nikashusha taa ya chemli. Ilipofika pale mawe yanapoanza kuwa meusi, mwali ukasinyaa, ukazimika. Nikaivuta, nikaiwasha, nikaishusha tena. Ikazimika palepale. Nikamwita Bwana aone. Alitazama kidogo tu, akasema ni upepo. Mjomba, ndani ya kisima kuna upepo gani?

Mama sijamwambia. Ananishonea kofia ya Idi. Jana alinizungushia uzi kichwani kunipima, akasema kichwa changu ni chako kabisa. Nikainama kumwokotea sindano.

Naogopa. Naiogopa hewa ile, lakini zaidi nauogopa ule wakati atakaposimama pale na saa yake, nami nione haya kama ulivyoona wewe. Kazi naitaka, nisikudanganye. Ni kazi yako na mikono yangu haijui nyingine. Na bia ile, Mungu anisamehe, nataka itoke sawa.

Kwaheri, Mjomba wangu. Mungu akupanulie kaburi, upate hewa tele huko uliko. Nakuahidi kwamba kesho asubuhi nitakwenda na chemli, na nitaishusha mbele ya Bwana na mbele ya Yohana. Ikiendelea kuwaka mpaka chini, nitashuka na kukisafisha kisima chako. Ikizimika, kamba nitamkabidhi Bwana mwenyewe, na nitamwambia, "Ni upepo tu, Bwana. Shuka."

Mpwa wako,
Salimu