Aliyeachwa Nje ya Inchi Nne

Lewisville, Texas
Jumapili, baada ya ibada

Kwako dada yangu mkubwa, Yaya Riziki,

Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na Shemeji Amani na mtoto. Ameshaota meno? Na kile kikohozi chako cha msimu wa mvua, kimekuacha? Sisi huku tunaamka, tunakula, tunasali. Mdogo wetu Furaha amerefuka hadi suruali zake zote zinaishia juu ya vifundo vya miguu. Mama bado anafanya kazi ghalani kule Grand Prairie. Anaondoka alfajiri kwa gari la Mama Sifa pamoja na wanawake wengine watatu, anarudi saa kumi miguu imevimba, anaitia kwenye maji ya chumvi kabla hata ya kuvua kilemba. Huyo Mama Sifa ndiye atakayekuletea bahasha hii, kwa kuwa anakuja huko kambini tulikokuacha, kumwona dada yake.

Nimeandika kwa sababu simu yako haipatikani tangu ile siku. Yaya, ile siku naikumbuka vizuri. Spika ilikuwa imewashwa, sote tulikusikia ukisema, "Mama aliulizwa ana watoto wangapi, akanificha."  Mama aliiweka simu mezani polepole, kama mtu anayetua sufuria ya moto, akaenda kuosha vyombo ambavyo nilikuwa nimeshaviosha. Tangu hapo hajalitaja jina lako. Katika barua zangu mbili zilizopita niliandika, "Mama anakusalimu sana." Nisamehe. Maneno hayo niliyatunga mwenyewe. Hakuwa amesema.

Sasa nikueleze jambo lililotokea, na nitalianza mbali kidogo ili ulielewe.

Shuleni sijambo. Darasani naelewa karibu yote, lakini wakati wa chakula cha mchana naelewa kidogo. Wanazungumza haraka na wanacheka kabla ya sentensi kwisha, nami nikishapanga jibu langu vizuri, wao wako kwenye habari nyingine. Kwa hiyo nakula nikiwa na kitabu. Si kwamba wananichukia. Wananipisha tu, kama watu wanavyompisha mtu aliyebeba mzigo. Nyumbani Furaha ananijibu kwa Kiingereza hata nikimwuliza chumvi iko wapi. Kuna siku nzima hupita sijasema kitu kirefu kwa mtu yeyote.

Kanisani kwetu kuna muuguzi Mkenya, Dada Wanjiru, anayehudumia wazee katika nyumba moja kule Plano. Siku moja aliniletea sanduku la karatasi. "Zawadi, wewe ni wa kusoma sana," akasema. "Hizi zilikuwa zinatupwa, aki. Mzee wetu mmoja amefariki na hana mtu wa kuchukua vitu vyake. Angalau utapata Kiingereza."

Ndani mlikuwa na magazeti ya zamani, kurasa zimekuwa rangi ya chai, na mfuko wa askari wa plastiki wenye urefu wa kidole. Kumbe kuna watu wazima, Yaya, wenye kazi na familia zao, ambao hupanga askari wadogo mezani, wakiwasogeza kwa rula na kurusha dadu. Mimi sikupenda vita vyao. Nilipenda kurasa za nyuma, ambako wasomaji walituma kanuni walizozitunga wenyewe. Mmoja alitunga kanuni ya matope: ukirusha moja, mzinga wako unakwama na farasi wanakukasirikia. Mwingine alieleza jinsi ya kupata jemadari mmoja kutokana na askari watatu waliovunjika. Wengi walimaliza kwa maneno ya adabu, kwamba wasomaji wengine wajaribu na waseme kama inafaa. Watu hawajuani, wanaishi mbali, lakini wanaombana hivyo. Kulikuwa pia na kanuni za mtu asiye na mwenzake wa kucheza. Pembeni mwa ukurasa huo yule mzee aliyefariki alikuwa ameandika kwa penseli: "Nimejaribu. Inafaa." Niliusoma ukurasa ule mara nyingi.

Nikaanza kucheza peke yangu, upande huu na upande ule. Mama alipokuja kuwaona wale askari mezani alisimama mlangoni na viatu vyake mkononi.

"Zawadi. Hii ni nini?"

"Ni mchezo, Mama."

"Vita? Tulikimbia vita, weye unaipangia meza? Miye sitaki bunduki ndani ya nyumba yangu, hata ya ukubwa wa kijiti."

Aliwakusanya wote kwenye kilemba chake akawatia chini ya sinki, nyuma ya sabuni. Sikubishana. Lakini alikuwa ametaja bunduki, hakutaja watu. Nikafikiri, je, nikiziondoa bunduki?

Katika magazeti mna mafundisho ya kumbadilisha askari. Unamchovya kwenye maji ya moto, plastiki inalegea, unaukunja mkono utakavyo. Unaukata kwa wembe na kuubandika mahali pengine. Karatasi ya tishu ukiilowesha gundi inakauka kama nguo. Niliwatoa chini ya sinki, nikafanya kazi hiyo kwa wiki tatu kila nikitoka shule. Aliyekuwa akilenga shabaha sasa ameshika mkono wa mwenzake. Aliyekuwa akitambaa na bomu nilimsimamisha, nikampa fimbo ya kijiti cha meno, akawa mzee. Kifutio nilikikata nikapata majerikeni. Mmoja nilimfunga kitenge cha tishu na mtoto mgongoni. Mwingine nilimtwika beseni kichwani, nikalipaka rangi ya kucha ya Mama, nyekundu. Huyo wa beseni nilimtengeneza nikikukumbuka wewe na beseni lako. Wote pamoja walikuwa kumi.

Halafu nikaona kanuni za magazetini haziwafai tena, maana zote zinahusu kuua. Nikatunga zangu. Mezani pana mto, ambao ni kipande cha kitenge cha bluu, na kivuko. Mchezaji mmoja anawaongoza watu, mwingine anaongoza mvua na matope. Kila mzunguko mtu mwepesi anakwenda inchi sita, mwenye mzigo nne, mwenye mtoto tatu, mzee mbili. Baada ya mizunguko kumi kivuko kinafungwa. Kanuni moja tu niliinakili kama ilivyokuwa, kwa sababu magazeti yote yalikuwa nayo: atakayeachwa nje ya inchi nne kutoka kwenye kundi lake, anaondolewa mezani. Sikuifikiria. Niliinakili tu, kwa mwandiko mzuri.

Mwezi uliopita barafu ilianguka usiku kucha, na huku barafu ikianguka kila kitu kinasimama. Shule ilifungwa, ghala likafungwa, barabara ilikuwa kama kioo. Mama alikaa nyumbani siku ya kazi, jambo ambalo silikumbuki hapo kabla. Alizungukazunguka, akakunja nguo zilizokunjwa, kisha akanikuta mezani na watu wangu.

"Shule imefungwa, weye unafungua vita."

"Hawana bunduki, Mama. Angalia mwenyewe."

Akamwinua mmoja karibu na macho. "Huyu amebeba nini?"

"Jerikeni."

"Na huyu?"

"Mtoto."

"Mutoto gani hana kichwa?"

Furaha alicheka hadi akakaa chini. Kichwa kilikuwa kimebanduka. Tulikitafuta sote watatu kwenye zulia, Mama akiwa amepiga magoti, akakipata yeye, kidogo kama punje ya uwele. Nilipokuwa nakibandika alikuwa ameshavuta kiti.

"Inachezwaje?"

Nikamweleza. Akasema, "Basi miye ni watu, weye ni mvua. Inakufaa, unajua kulia."

Yaya, Mama anacheza vizuri kuliko mimi. Mimi siku zote nilikuwa namweka mzee nyuma kwa sababu ni mzito. Yeye alimtanguliza. "Mzee anakwenda mbele," akasema. "Ukimuweka nyuma hutajua ameanguka saa ngapi." Alikuwa akiongea nao kwa sauti ndogo, songa, songa, shika huyo. Mzunguko wa sita walikuwa karibu na mto. Mimi nikarusha dadu, nikapata sita, nikaweka matope katikati ya kundi. Wote walipita ila yule wa beseni. Nikapima kwa rula. Inchi tano.

Nikanyoosha mkono kumwondoa. Mama akanishika kiganja.

"Unamupeleka wapi?"

"Ni kanuni, Mama. Ameachwa nje ya inchi nne."

"Nani aliiandika?"

"Iko kwenye magazeti."

"Huyo mwenye kuandika hakuwa na mutoto." Hakuniachia mkono. "Beseni hii ninaijua."

Nikaiweka rula chini. 

Mama akaanza kuwageuza. Mmoja mmoja, mzee, mwenye mtoto, wenye majerikeni, wote akawageuza nyuso kutoka mtoni.

"Mama, ukirudi utashindwa. Kivuko kitafungwa."

"Basi nishindwe."

Matope yangu yaliwachelewesha. Walimfikia yule wa beseni mzunguko wa nane, na mzunguko wa kumi kundi zima lilikuwa bado upande wetu wa mto. Kwa kanuni zangu mwenyewe nilikuwa nimeshinda. Sijawahi kushinda vibaya namna ile.

"Kimefungwa?" Mama akauliza.

"Kimefungwa."

"Sawa. Wako pamoja."

Kisha akasema, bila kunitazama, na hapa naandika kama alivyosema, maana nililala nikiyarudia nisiyasahau:

"Sisi haukukuwa mto, lilikuwa ziwa. Riziki alikuwa na miaka tisa, alikubeba weye mgongoni. Miye nilikuwa nimeshaingia kwenye boti na mizigo, nikaangalia nyuma, simuoni. Nikashuka. Boti ikaondoka bila sisi, tukalala kwenye mchanga mpaka ya pili ilipokuja kesho yake. Siku ile nilishuka. Kwenye ndege sikushuka."

Nikamwuliza kuhusu yale mahojiano ya kambini, ya kuja huku Marekani. Akasema hawakumwuliza alizaa watoto wangapi. Walimwuliza, "Mko wangapi ndani ya nyumba?" Wewe ulikuwa umeolewa mwezi mmoja tu. Akajibu, "Watatu," jinsi mama yeyote wa kwetu angejibu, kwa kuwa binti aliyeolewa anahesabiwa kwenye chungu cha wakwe zake. Angekutaja kwenye chungu chake, wakwe zako wangesema anamnyang'anya Amani mke. Hakujua kwamba watu wale walikuwa wanahesabu viti vya ndege. Alipojua, majina yalikuwa yameshapigwa mihuri, nami na Furaha tulikuwa tumeshaaga. "Riziki alisema nilimuficha," akasema. "Miye nilimuheshimu. Lakini aliyeachwa hajui tofauti, na ana haki."

Sikuandikii ili umhurumie, Yaya. Nakuandikia kwa sababu ni kweli, na hukuambiwa.

Barafu ilipoyeyuka Mama aliomba ruhusa ya siku moja, akaenda na Dada Wanjiru kwenye ofisi inayosaidia watu kujaza fomu za kuwaleta jamaa zao. Nami nilikwenda kutafsiri. Mwanamke wa pale aliuliza, "Una watoto wangapi?" Mama akasema watatu. Yule mwanamke akatazama karatasi za zamani, akasema hapa pameandikwa wawili. Mama akaniambia, "Mwambie karatasi haikukosa. Miye ndiye nilikosa. Aandike tena." Yule mwanamke akaandika. Hakutudanganya: inaweza kuchukua miaka, na inaweza kukataliwa. Wanataka cheti chako cha ndoa, na cha kuzaliwa cha mtoto, na namba ya simu unayopatikana. Mpe Mama Sifa nakala, tafadhali. Lakini kama bado una hasira na hutaki, andika hivyo pia. Tutakusoma.

Wale watu kumi bado wako mezani. Mama amekataza wasiondolewe, kwa hiyo tunakula sahani zikiwa magotini. Jana nilipotoka shule nilikuta yule wa beseni amehamishwa. Amewekwa mbele kabisa, mbele hata ya mzee. Sijamwuliza Mama lini alifanya hivyo.

Nimeibadilisha ile kanuni. Gazeti lilikufa kabla sijazaliwa na hakuna mhariri wa kumtumia, kwa hiyo nakutumia wewe: Aliyeachwa nyuma haondolewi mezani. Kundi likimrudia, kivuko kinangoja. Unaweza kucheza na Shemeji kwa punje za maharage, na mto muuchore chini kwa kijiti. Jaribuni, mniambie kama inafaa.

Nisalimie mama mkwe wako, na yule fundi cherehani jirani yetu aliyenishonea sare ya kwanza, na mwalimu wangu wa Kiswahili. Mwambie bado naandika nukta mahali pake. Mbusu mtoto kwenye unyayo, mahali ulipokuwa ukinibusu mimi.

Mama ameniomba kalamu. Amekaa nayo tangu nilipoanza ukurasa huu wa mwisho. Mwandiko utakaouona chini ya jina langu ni wake, sikumsaidia hata herufi moja.

Mdogo wako uliyembeba,
Zawadi

Riziki. Ni miye mama yako. Wameniuliza tena tuko wangapi. Nimesema tuko sita.